Unga wa Chupa ya Kifuniko cha Bluu

Jina la Sindano alipewa na wateja wake, nusu kwa sababu ya kazi yake ya kushona mapazia, nusu kwa sababu ya ulimi. Aliweza kusimama ng'ambo ya barabara, akaangalia dirisha la mtu na kusema pindo la kushoto limezidi la kulia kwa nusu inchi, na likipimwa, kweli limezidi. Tangu baba yake aoe tena, jicho hilo lilipata kazi ya pili: kila Alhamisi lilikwenda kuikagua nyumba ya baba.

Siku hiyo ikifika, alifunika cherehani saa sita mchana, akabeba kikapu chenye mashuka aliyoyafua na supu kwenye chupa ya chai, akaenda kumwona mzee. Alifanya hivyo kwa miaka sita, tangu mama yake afariki, na hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa sasa kulikuwa na mwanamke ndani.

Mzee alikuwa fundi saa. Alishastaafu duka, lakini meza yake ya kazi aliihamishia nyumbani, karibu na dirisha, na watu waliendelea kumletea saa za ukutani zilizogoma. Mke aliyemwoa alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari, naye mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba shingoni. Miaka thelathini ya kupita katikati ya rafu za vitabu ilimfundisha kutembea bila kusikika. Wengine wangeuona huo ni ustaarabu. Sindano aliona mambo mengine. "Mtu gani huyo," alimwambia rafiki yake wa dukani, "anaingia chumbani hata kandambili hazilii? Anamnyemelea nani?"

Halafu zile kadi. Maktaba ilipobadilisha mfumo wake, mke wa baba alirudi nyumbani na maboksi matatu ya kadi za zamani za orodha ya vitabu, zile ngumu zenye tundu moja chini. Aliandika kila kitu humo: mahitaji ya sokoni, siku ya fundi bomba, idadi ya vijiko vya majani ya chai. Kadi zilibandikwa jikoni, chooni, mpaka mlangoni. Sindano alizisoma zote kila alipokuja, kama polisi anayesoma barua za mshukiwa, na hakupata kosa hata moja. Hilo nalo likamkera.

Kilichoanza kumnyima raha ni miguu ya baba. Mwezi wa tano wa ndoa ilianza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Kisha mzee akaanza kuchoka ovyo, akawa anaacha saa wazi mezani na kwenda kujilaza. Sindano akimuuliza, anajibiwa, "Uzee tu, mwanangu. Ulitaka nibaki kijana nikushindie mbio?"

Mwezi wa tisa wa ndoa, Alhamisi moja, Sindano aliona glasi kwenye kizingiti cha dirisha la chumba cha kulala. Ilikauka, na chini yake kulikuwa na ukoko mweupe kama chokaa. Aliuparua kwa ukucha. Ukatoka unga laini.

"Baba, ulikunywa nini humu?"

"Maji," mzee alisema, akainamia saa yake haraka kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi iliyofuata Sindano aliingia jikoni kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe. Juu kabisa ya rafu, nyuma ya ungo, akakuta chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cha bluu. Aliijua chupa hiyo. Ni yeye aliyeileta, msimu wa baridi, imejaa asali na tangawizi kwa ajili ya kikohozi cha baba. Sasa ilikuwa na unga mweupe hadi shingoni, bila kadi, bila neno lolote, ndani ya nyumba ambayo hata chumvi ilikuwa na kadi yake.

Alipogeuka, mke wa baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsikia akija.

"Hii ni nini?" Sindano akauliza.

Mke wa baba alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaivaa tena, akamtazama yeye badala ya chupa. "Nilitaka nikuulize wewe," akasema.

"Mimi? Mimi ndiye ninayekaa hapa?"

"Chupa ni yako."

"Chupa ni yangu, unga si wangu."

"Basi," alisema yule mama kwa sauti ileile ya maktaba, "wala mimi, unga si wangu."

Wakabaki wakiangaliana. Sindano alitoka mle jikoni. Njia nzima alikuwa anaunganisha vipande, na kila alivyounganisha, vazi lilitoka baya zaidi. Huyu mama anamlisha mzee kitu kidogokidogo. Na ameweka kitu hicho ndani ya chupa ya mtoto wa mumewe ili siku mambo yakiharibika, kidole kinyooshwe kwa nani? Kwa Sindano! Mtu aliyesoma vitabu maisha yake yote hashindwi kupanga jambo kama hilo.

Bahati ni kwamba kabla ya kutoka, wakati yule mama alipoitwa na jirani, alikuwa amechota kijiko kimoja na kukifunga katika kipande cha bitana.

Kesho yake asubuhi alikwenda na kifurushi chake kwa Bi Chupa. Huyo alikuwa msimamizi wa maabara katika shule ileile ya sekondari, na wanafunzi ndio waliombatiza jina, maana alizipenda chupa zake kuliko alivyowapenda wao. Sindano aliwahi kumshonea mapazia meusi ya maabara, na walielewana: wote wawili hawakuvumilia kazi ya kubabaisha.

"Nataka unipimie kitu," Sindano alisema, "na usiniulize kimetoka wapi."

Bi Chupa alimtazama juu ya miwani, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Umeshaonja?"

"Hapana."

"Vizuri. Anayeonja asichokijua huwa haji tena kuniuliza. Kaa pale, usiguse kitu."

Akamwaga unga kwenye kisahani. Aliupungia kwa kiganja kuelekea puani: hauna harufu. Akauangalia kwa kioo cha kukuzia. "Chumvi ingekuwa na vijipande vyenye kona. Sukari vilevile. Huu ni laini mno." Akatia chembe kwenye maji, akakoroga, ukayeyuka wote. "Basi si chaki, si jasi." Akadondoshea tone la iodini kwenye unga mkavu. Rangi ya kahawia ilibaki kahawia. "Ungekuwa unga wa muhogo, au wanga wa kupigia pasi, hapa pangekuwa peusi kama wino. Si chakula hicho."

Kila kitu kilichoondolewa kwenye orodha kilikuwa kitu cha heri, na Sindano aliona orodha inazidi kuelekea kubaya.

Karatasi nyekundu ya litimasi, ile ya kupimia ukali wa asidi, ilipochovywa ikageuka bluu, taratibu, kana kwamba inasitasita. Kisha Bi Chupa akachukua siki, ya kawaida kabisa, ya jikoni, akadondosha. Unga ulichemka. Ulifoka mapovu kwa mlio wa kukwaruza, na Sindano akaruka nyuma hadi kiti kikaanguka.

"Tulia, mwanangu. Hauunguzi. Hiyo ni hewa inatoka." Aliiongoza hewa hiyo kwa mrija hadi kwenye maji angavu ya chokaa, na maji yakageuka kama yametiwa maziwa. "Sasa tumebakiza ndugu wawili wanaofanana. Mmoja ni magadi makali ya kufulia, ukimnywa atakuchoma koo. Mwingine ni mpole. Tuwatenganishe kwa moto."

Alitia unga mwingine mkavu kwenye neli ya kioo, akaushika juu ya mwali. Baada ya muda, matone madogo ya maji yakajitokeza upande wa juu wa neli, ingawa unga uliingia mkavu, na hewa ileile ikaanza kutoka tena na kuyachafua maji mengine ya chokaa. Bi Chupa akatikisa kichwa kama mtu aliyetambua uso sokoni.

"Ni mpole. Bikaboneti ya soda."

"Ndiyo sumu gani hiyo?"

"Sumu? Ni ile soda ya kuumulia keki! Unayo kwako, bila shaka. Watu wanasugulia birika lenye madoa ya chai. Wanaweka kikombe chake ndani ya friji linalonuka samaki. Wanalainishia maharage magumu. Ukiumwa na nyuki, unapaka."

Sindano alihisi aibu na nafuu kwa pamoja, lakini shaka haikukubali kuondoka bila vita. "Na kama umechanganywa na kitu kingine? Kidogo tu?"

"Vifaa vyangu ni vya shule, haviwezi kuapa mahakamani. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuona kingine." Bi Chupa akaanza kuosha neli ambayo tayari ilikuwa safi. "Anayekunywa hiki ni mtu mzima? Anakunywa kila siku?"

"Nani amekuambia kuna mtu anakunywa?"

Bi Chupa akaona ameteleza. Sindano akafuata macho yake hadi pembeni mwa meza. Pale, chini ya kopo la kioo, palikuwa na kifurushi kingine kidogo cha unga mweupe. Kilifungwa kwa ustadi, kona kwa kona, ndani ya kadi ngumu yenye tundu moja chini.

"Ililetwa lini hiyo?"

"Mwanangu, siwezi kukutajia mtu."

"Sikuulizi mtu. Nauliza siku."

"Jumanne," Bi Chupa alisema. "Na majibu ni yaleyale, ila mwenyewe hajarudi kuyachukua."

Sindano alikiinua kiti, akakaa. Mtu anapeleka sumu yake mwenyewe ikapimwe? Ili iweje, ajue kama itagundulika? Alisema hivyo kwa sauti, bila kukusudia.

"Au," Bi Chupa alisema polepole, "anapeleka anayodhani ni sumu ya mwenzake."

Hapo ndipo maneno ya jikoni yalipomrudia. *Nilitaka nikuulize wewe.* Akamwona upya yule mama akipangusa miwani. Hakuwa akitafuta uongo wa kusema. Alikuwa anamwogopa. Yeye, Sindano, ndiye aliyekuwa akiingia na supu kila Alhamisi, ndiye mwenye chupa, ndiye asiyeficha kwamba ndoa ile haikumpendeza.

"Mimi nimuue baba yangu?" alisema.

"Na yeye amuue mumewe?" Bi Chupa alijibu. "Sasa nisikilize. Kitu hiki kwa keki ni salama. Kijiko kimoja siku moja moja kwa kiungulia, watu wanakunywa. Lakini ndani yake kuna sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Mtu akikigeuza maji ya kunywa, mwili unashika maji, miguu inavimba, presha inapanda, damu inavurugika. Yeyote anayekinywa, mtoeni huko haraka."

Sindano hakurudi kwenye cherehani. Alikwenda moja kwa moja, siku isiyo ya Alhamisi, na mke wa baba alipofungua mlango na kumwona, alishika fremu kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mafuriko.

"Nimetoka kwa Bi Chupa," Sindano alisema. "Ni soda ya keki, ila ikizidi ndiyo inayovimbisha miguu."

Yule mama alibaki ameuzuia mlango.

"Nimeona kadi yako."

"Basi unajua nilichofikiri."

"Najua. Hata mimi nilifikiri hivyohivyo juu yako. Nilidhani umetumia chupa yangu kunitwika."

"Na mimi nilidhani umeniachia chupa yako makusudi, kunionyesha kwamba huniogopi." Mke wa baba aliachia fremu. "Siku tatu sijalala. Supu yako nilikuwa naimwaga, halafu namdanganya ameshakunywa, amesahau."

Lingekuwa jambo la kuchekesha kama lingekuwa la watu wengine. Wote wawili walikaa kwenye meza ya jikoni, chupa katikati yao, na kwa mara ya kwanza katika miezi tisa waliulizana maswali ya kweli. Si wewe? Si mimi. Unaapa? Naapa. Na bado kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, maana shaka iliyolala ndani ya mtu miezi yote hiyo haitoki kwa kiapo kimoja cha mezani.

"Basi tumebaki na mmoja," mke wa baba akasema kwa mnong'ono.

Mzee alikuwa kwenye meza yake ya saa, chumba cha pili. Wakakubaliana. Mke wa baba alimwambia kwa sauti kwamba anakwenda sokoni, akafungua mlango wa nje, akaufunga, akarudi bila kusikika. Sindano kwa mara ya kwanza aliushukuru mwendo ule. Wakajibana nyuma ya pazia la stoo, pazia alilolishona Sindano mwenyewe, wakapumua kwa zamu.

Haikupita nusu saa. Mzee aliingia akijikokota, mkono mmoja kifuani. Alivuta kigoda, akapanda kwa shida, akatoa chupa nyuma ya ungo. Vijiko viwili vilivyojaa, glasi ya maji, akakoroga, akanywa yote kwa pumzi moja na kukunja uso. Kisha akabeua, beuo refu la mtu aliyetua mzigo, akasema peke yake, "Afadhali."

"Baba!"

Glasi ilimponyoka ikavunjika. Mzee alipowaona wawili hao wakitoka nyuma ya pazia moja, mke na binti, bega kwa bega, alitazama kama mtu aliyekuta saa mbili zilizogoma zinapiga pamoja.

Walimketisha. Hakutaka kusema, kisha akasema. Moto wa kifuani ulianza miezi mitano iliyopita. Fundi mwenzake mmoja wa zamani alimwambia ajaribu soda ya keki, akaificha kwenye chupa ya asali iliyokwisha, akajaribu, moto ukazima. Baadaye ukawa unarudi upesi zaidi, naye akaongeza kijiko. Sasa alikuwa anafika mara tano kwa siku, mara sita.

"Kwa nini hukusema?" mke wake aliuliza. "Nipo hapa, mume wangu. Nalala pembeni yako."

"Ningesema tumbo linaniuma tangu ulipoanza kunipikia, huyu," akamnyooshea binti yake kidole, "angekupeleka polisi kesho yake."

Sindano aliivuta chupa upande wake, akakaza kifuniko.

"Na hospitali?" akauliza baadaye, taratibu.

Mzee alitazama vipande vya glasi sakafuni. "Mama yako alikwenda na tumbo tu," akasema. "Alitembea kwa miguu yake mwenyewe, kashika mkoba. Unakumbuka? Nilimwambia nitamfuata jioni."

Kisha mke wa baba akainuka, akachukua ufagio, akafagia vioo, na alipomaliza akamwambia mumewe bila kupandisha sauti, "Vaa shati. Tunakwenda wote watatu, na hakuna atakayekufuata jioni."

Daktari alimsikiliza, akampima presha, akairudia kwa kutoamini. Damu ilionyesha chumvi zake zimevurugika. Tumbo, lilipochunguzwa wiki hiyo, lilikuwa na vidonda, vile vya vijidudu vinavyotibika kwa vidonge. "Soda ilikuwa inazima king'ora," daktari alisema, "moto umeuacha palepale." Alimfokea mzee kidogo, na mzee akavumilia kwa upole ambao hajawahi kuwaonyesha wanawake wake.

Wakiwa kwenye benchi la korido wakingoja vidonge, Sindano alijaribu kuomba radhi. Hakuzoea. Maneno yalimtoka yamepinda, kama pindo la mwanafunzi.

Mke wa baba hakusema si kitu. "Imeniuma," alisema. "Na mimi nimekuumiza, najua. Lakini unajua kilichoniuma zaidi? Miezi tisa hujawahi kuniita. Ukitaka kusema nami unasema 'hebu', unasema 'samahani'. Kama mtu wa dirisha la posta."

"Nikuite nani? Siwezi kukuita mama."

"Sikukuomba uniite mama. Nina jina, nina kazi niliyoifanya, nina umri. Chagua lolote humo."

Sindano alifikiri kwa dhati, uso umekunjwa, kama anayechagua rangi ya uzi. Kabla hajapata, dirisha la dawa likafunguliwa na mzee akaitwa. Muuguzi alitoa vifurushi vitatu na kuuliza ni nani atakayemsimamia mgonjwa, kwa kuwa kaandikwa hapa kwamba ni mficha mambo.

"Mimi," walisema wote wawili.

Muuguzi alisubiri. Mzee naye alisubiri, na kwa jinsi alivyojikunyata ilionekana wazi kwamba angependelea kusimamiwa na mtu mwingine yeyote duniani.

"Asubuhi na jioni atampa Bi Mkutubi," Sindano akasema. "Vya mchana nitakuja kumpa mimi."

Yule mama aligeuka kumtazama. Hakutabasamu. Alitoa kadi kwenye mkoba, akaomba kalamu dirishani, akaanza kuandika saa za dawa, na alipofika kwenye mchana aliuliza, "Nikuandike Sindano, au kuna jina unalolipenda zaidi?"